Nywele za Dawa: Zisikatike Kabla ya Kuritachi

Nywele huota takriban sentimita 1 kwa mwezi. Kwa hiyo wiki ya 6 baada ya kuweka dawa, kila unywele una sura mbili: kipilipili shinani, laini kuelekea nchani. Zinapokutana sura hizo ndipo nywele zinapokatikia.

Kuchana. Usianzie shinani. Gawa mafungu manne, paka losheni ya nywele, shika chanuo la meno mapana, uanzie nchani ukipanda polepole.

Moto. Pasi ya nywele kila Jumamosi ndiyo mharibifu mkubwa, kuliko hata dawa yenyewe kwa maoni yangu. Seti kwa rola, zikauke taratibu. Nywele mbichi zisiguswe na pasi kabisa.

Chumvi na upepo. Sisi wa Kigamboni tuna yetu. Ukitoka kuogelea Mjimwema, suuza siku hiyohiyo. Kisima cha kwenu kina chumvi? Tenga ndoo ya maji ya mvua kwa suuza ya mwisho. Kwenye pantoni funga kilemba. Ndani ya helmeti ya bodaboda tanguliza kitambaa cha satini, maana pamba hufyonza mafuta.

Kusuka. Twende kilioni ya kuvuta macho, hapana. Ukiona vipele kwenye paji, fumua, hata kama umeshalipa.

Ritachi. Subiri wiki 8 hadi 10. Dawa ipakwe kwenye maoteo tu, na siku mbili kabla usijikune wala kuosha kichwa.