Feni Inazunguka, Kioo Kiko Giza

Kompyuta ya nyumbani ikigoma kuonyesha chochote, mwenye nayo hukata tamaa mapema mno. Mawazo yanakimbilia mazabodi, kifaa cha gharama ambacho wengi hawajawahi hata kukiona, na wapo mafundi wanaoitumia hofu hiyo kujaza mfuko. Inaniuma, kwa sababu mara nyingi ubovu ni wa kitu kidogo. Nimechagua maswali ya wasomaji yanayohusu giza hilo. Sehemu kubwa ya majibu unaweza kuifanyia kazi mwenyewe ukiwa na bisibisi ya nyota, raba ya penseli na subira.

Fundi, habari za kazi. Nikiwasha kompyuta ya mezani taa inawaka na feni inazunguka, ila kioo cheusi tii. Jirani anasema mazabodi imekufa. Ninunue nyingine?

Usinunue kitu bado, ndugu yangu. Una vitu vitatu hapo: kioo, kebo ya picha, na mashine yenyewe, lile boksi ambalo wengi tunaliita CPU. Jua kwanza ni kipi kimegoma.

Anza na kioo. Kiwashe, kisha chomoa kebo ya picha nyuma yake. Kioo kizima kitaandika “No Signal” au maneno ya namna hiyo, halafu baada ya muda kitajipumzisha na taa yake itabadilika rangi au kuanza kupepesa. Kisipoandika chochote na taa haiwaki, shughulika na umeme wake: soketi, waya, adapta. Kikiandika, ni kizima. Rudisha kebo na uikaze. Kebo ya VGA ina skrubu mbili pembeni, na zisipofungwa huchomoka kidogo kidogo kila meza inaposukumwa. Mulika pini zake kwa tochi ya simu. Moja ikipinda haionekani kirahisi.

Kisha fungua menyu ya kioo utafute Input au Source. Vioo vingi vina matundu ya VGA, HDMI na DisplayPort kwa pamoja. Mtoto akibonyeza kitufe, kioo kinasubiri picha kupitia HDMI na wewe umechomeka VGA. Nimewahi kuona watu wamebeba mashine kwenye bodaboda kutoka mbali kwa jambo hili tu.

Kipimo cha mwisho kabla ya kufungua kava: subiri dakika moja baada ya kuwasha, kisha bonyeza Caps Lock kwenye kibodi. Taa yake ikiwaka na kuzima kila unapobonyeza, mashine imeamka na inakusikia, kwa hiyo tafuta ubovu upande wa kioo, kebo au mipangilio ya picha. Taa isipoitika kabisa, mashine imekwama katika kujikagua kwake inapoamka. Hapo ndipo unapofungua.

Shikamoo fundi. Kompyuta yangu haionyeshi kitu, inatoa milio tu, inanyamaza, inarudia. Tunaishi karibu na bahari na ilikaa likizo nzima bila kuwashwa.

Marahaba mwanangu, na umeeleza vizuri. Milio ni habari njema, kwa sababu mashine inakwambia ilipokwama. Maana yake hutofautiana kwa mtengenezaji: kwenye BIOS (programu ya ndani inayoamsha mashine) nyingi za Award, mlio mmoja mrefu na miwili mifupi huashiria tatizo la kadi ya picha, na mlio mrefu unaojirudia bila kukoma huashiria RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine. Tafuta orodha ya mashine yako katika kitabu chake. Mazabodi nyingi za karibuni hazina spika. Badala yake zina vitaa vinne vilivyoandikwa CPU (hapa ni prosesa, si boksi), DRAM, VGA na BOOT, na kinachobaki kinawaka ndicho cha kufuata.

Kwa hali uliyoieleza, mimi ningeanza na RAM hata bila kuhesabu milio. Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, na meno ya RAM yanapokaa muda mrefu bila kuguswa hupata ukungu mwembamba unaozuia umeme kupita. Mama mmoja mwenye steshenari aliniletea mashine yake akiwa ameshaambiwa kwingine kwamba mazabodi imeungua. Niliichomoa RAM nikaishika kwenye mwanga: meno yaliyopaswa kung’aa rangi ya dhahabu yalikuwa yamefifia, na pembeni pana doa la kijani. Niliyasafisha, na siku ileile alirudi kutoa fotokopi.

Zima mashine, chomoa waya ukutani, kisha ushikilie kitufe cha kuwashia sekunde kumi ili umeme uliobaki ndani uishe. Laza boksi ubavu, toa kava, na uguse bati lisilo na rangi la boksi hilo kabla ya kugusa kingine chochote, kwa sababu umeme tuli wa mwilini unaweza kuua RAM bila wewe kuuhisi. Sukuma vibanio vya pembeni, RAM itainuka. Ishike kwa kingo zake. Sugua meno kwa raba safi ya penseli, taratibu, pande zote mbili, mbali na boksi ili vumbi la raba lisidondokee kwenye tundu. Futa kwa kitambaa kikavu. Msasa hapana, kisu hapana, mate hapana.

Unaporudisha, linganisha pengo lililo kwenye RAM na kizuizi kilicho kwenye tundu. Visipolingana, umeigeuza au si aina yake; RAM ya DDR3 haiingii penye DDR4. Ikilingana, kandamiza ncha zote mbili mpaka usikie “tak”. Hapa watu huogopa, wanaiacha imeingia nusu, kisha wanalaumu mazabodi. Kama una RAM mbili, jaribu moja peke yake, kisha nyingine, kisha tundu lingine. Badilisha kitu kimoja tu kila unapojaribu, la sivyo hutajua kilichoponya.

Kwa wenye mashine mpya za DDR5: baada ya kugusa RAM, kioo kinaweza kubaki cheusi dakika kadhaa wakati mashine inaizoea. Iache imalize.

Mdogo wangu ameweka kadi ya picha ili acheze gemu. Tangu hapo VGA ya nyuma haitoi kitu.

Hamishia kebo kwenye kadi. Mashine nyingi zikiona kadi hufunga matundu ya picha ya mazabodi. Angalia pia kama kadi inataka waya wake wa umeme wa pini 6 au 8 kutoka kwenye pawa saplai. Na kama umenunua kiunganishi cha kugeuza, fahamu kwamba vingi vya bei rahisi vinapeleka picha upande mmoja tu: kile cha kutoka DisplayPort ya kompyuta kwenda HDMI ya kioo hakifanyi kazi kikigeuzwa.

Umeme ulikatika, uliporudi kompyuta ikawa kimya. Hakuna taa wala feni. Nyumba nzima ina umeme.

Pole sana. Jaribu soketi nyingine na waya mwingine. Waya wa kioo huingia kwenye mashine bila shida. Kisha tazama nyuma ya pawa saplai. Ina swichi ya 0 na 1, nayo huguswa bila kukusudia wakati wa kufagia. Baadhi ya pawa saplai za zamani, hasa za mashine zilizoingizwa kutoka Marekani, zina swichi nyingine ndogo nyekundu ya 115 na 230. Umeme wetu Tanzania ni volti 230, Kenya 240. Swichi hiyo ikiwa kwenye 115, pawa saplai huungua mara tu unapoichomeka.

Kama yote ni sawa na bado kimya, pawa saplai inashukiwa. Ijaribu kwa kuweka nyingine iliyo nzima. Usiifungue. Ndani yake kapasita huhifadhi umeme wa zaidi ya volti 300, na huweza kubaki nao hata baada ya kuchomolewa ukutani. Nasisitiza hili kwa sababu vijana wengi hujifunza ufundi kwa kufungua kila chenye skrubu.

Siku nyingine umeme ukikatika, chomoa kompyuta, na ukirudi subiri dakika chache utulie ndipo uchomeke.

Naona nembo ya Windows, halafu giza.

Basi kioo, kebo na RAM vinafanya kazi. Hangaika na Windows. Bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B, ili programu ya kuendesha picha ijiwashe upya. Ikishindikana, kitufe cha Windows na P, maana picha huenda imeelekezwa kwenye kioo cha pili kisichokuwapo. Bado? Ilazimishe kuzima ikiwa katikati ya kuwaka, mara mbili au tatu mfululizo, mpaka ilete ukurasa wa kujirekebisha. Ingia Safe Mode, ondoa programu ya kadi ya picha, uiweke upya.

Laptopu yangu ina sauti, ila kioo giza. Nikikaza macho naona kama kivuli cha picha.

Imulike kwa tochi kwa mshazari. Ukiona maandishi hafifu, picha ipo ila taa ya nyuma ya kioo haiwaki. Ongeza mwanga kwa vitufe kwanza, huenda umeshuka hadi mwisho. Usipopanda, mpelekee fundi na umwonyeshe ulichokiona, ili ashughulikie kioo na mkanda wake, asianzie mazabodi.

Fundi wangu anataka kutoa betri ndogo ya ndani. Ni sawa? Na picha za harusi zimo humo.

Ni sawa, dada. Betri hiyo, kwa kawaida CR2032 ya volti 3, hutunza saa na mipangilio ya BIOS. Kuitoa dakika tano, waya ukiwa umechomolewa ukutani, hurudisha mipangilio ya kiwandani, na wakati mwingine picha hurudi. Ila muulize kwanza kama diski imefungwa kwa BitLocker. Ikiwa imefungwa, Windows inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48, ambao mara nyingi huhifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Utafute kupitia simu kabla hajagusa kitu.

Picha za harusi ziko kwenye diski, na giza la kioo halizifuti. Mwombe aitoe diski, aichomeke kwenye kompyuta nyingine kwa kebo ya SATA kwenda USB, na azinakili mbele yako. Mwambie waziwazi asifomati. Akisema baadaye kwamba mazabodi imekufa, muulize aliijaribu na RAM ipi nyingine na pawa saplai ipi nyingine. Kama hajajaribu, chukua mashine yako uipeleke kwa mwingine.