Namna ya kutembelea intaneti ya zamani kwa bando dogo

Kurasa za intaneti za miaka ya 1990 zilitengenezewa watu waliounganishwa kwa waya wa simu ya mezani. Modemu ya kilobiti 56, iliyokuwa ya kasi kuliko zote za kupiga simu mwishoni mwa miaka hiyo, ilivuta kilobaiti saba hivi kwa sekunde, tena laini ikiwa safi. Mwenye tovuti alilazimika kupima kila picha aliyoiweka, kwani picha moja nzito ilitosha kumkimbiza mgeni. Leo ubahili huo unakufaa wewe mwenye simu na bando la kubana: MB chache zitakutembeza jioni nzima. Nitakutajia ninazozipenda, kisha nikuonyeshe namna ya kuzifikia zilizokwisha kuzimwa.

Anza na zilizo hai. Tovuti ya kwanza kabisa iko info.cern.ch. Tim Berners-Lee aliitengeneza akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Geneva, na mwaka 1991 akaitangaza kwa watu wa nje. Baadaye ilitoweka mahali pake, mpaka mwaka 2013 CERN walipoirudisha kwenye anwani yake ya asili. Usitafute picha, kuna maandishi meusi na viungo vya buluu, basi. Bofya kiungo kinachoorodhesha seva ujionee jinsi dunia nzima ya wavuti ilivyoweza kuandikwa katika orodha moja. Kuna pia kiigizo cha kivinjari cha siku hizo, ambamo kila kiungo kina namba na wewe unaiandika namba badala ya kubofya. Hicho subiri uwe kwenye kompyuta.

Kama una nafasi ya kufungua tovuti moja tu kati ya zote ninazozitaja, fungua apod.nasa.gov. Tangu tarehe 16 Juni 1995 inaweka picha moja ya anga kila siku, na chini ya picha mwanaastronomia anaeleza kwa aya fupi unachokitazama. Walioianzisha ni Robert Nemiroff na Jerry Bonnell, na sura yake haijabadilika sana tangu hapo: kichwa cha habari katikati, picha, maelezo yaliyojaa viungo. Huombwi kujisajili wala hakuna video inayoanza kucheza yenyewe. Mwalimu wa sayansi anaweza kuitumia mwaka mzima bila kurudia somo. Nenda kwenye orodha ya picha zilizopita, utafute siku aliyozaliwa mwanao, umwonyeshe picha ya siku hiyo. Picha inayoonekana kwanza ni ndogo. Usiiguse kama bando ni haba, maana ukiigusa inafunguka nakala kubwa.

Kwa burudani tupu, ingia spacejam.com/1996. Ni tovuti ya filamu ya Michael Jordan na vikaragosi wa Warner Bros., na imeachwa jinsi ilivyokuwa mwaka huo: anga jeusi lenye nyota, nembo ya filamu katikati, na vijisayari vinavyoizunguka. Kila kijisayari ni mlango. Hivi ndivyo mtengeneza tovuti alivyomkaribisha mgeni kabla watu hawajakubaliana kwamba menyu lazima ikae juu.

Msomaji wa vitabu aende gutenberg.org. Michael Hart aliianza kazi hiyo Illinois mwaka 1971, wavuti haijazaliwa, kwa kuandika kwenye kompyuta ya chuo Tangazo la Uhuru wa Marekani. Sasa vitabu vimepita 70,000, vyote bure. Ukiwa na simu ya uwezo mdogo chagua faili la maandishi matupu. Riwaya nzima mara nyingi haifiki MB moja.

Sasa tuingie kwa zilizokufa, ambazo ndizo nyingi. Chombo chako ni Wayback Machine ya Internet Archive, maktaba ya San Francisco ambayo Brewster Kahle aliianzisha mwaka 1996. Tangu mwaka huo inanakili kurasa za wavuti, na mwaka 2001 ikamfungulia kila mtu. Fungua web.archive.org, andika anwani ya zamani kwenye kisanduku. Utaona mstari wa miaka wenye vijiti vyeusi. Penye kijiti kirefu ndipo penye nakala nyingi. Gusa mwaka, kalenda itokee. Siku zenye nakala zimewekewa duara la rangi, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Duara la buluu ndilo unalolitaka. Kijani maana yake ukurasa ulikuwa unakuhamishia anwani nyingine. Rangi ya chungwa ni kwamba siku hiyo ukurasa haukupatikana, na nyekundu ni seva iliyokuwa na hitilafu. Mtu anagusa duara la chungwa, anaona ujumbe wa kosa, anaondoka akiamini tovuti imepotea, kumbe la buluu liko wiki mbili nyuma.

Ukishaingia, kila unapobofya kiungo tazama tarehe iliyoandikwa juu. Mashine hukupeleka kwenye nakala iliyo karibu na ile uliyoanzia, na pengine iliyo karibu ni ya miaka mitatu baadaye. Bila kuangalia unaweza kudhani unasoma habari za 1997 kumbe uko 2000. Picha zikikosekana, jaribu siku nyingine ya mwezi huohuo. Visanduku vya kutafutia havifanyi kazi ndani ya nakala, hivyo tembea kwa viungo. Na ukitaka kuruka kalenda, andika web.archive.org/web/1998/ kisha anwani yenyewe. Utafikishwa kwenye nakala iliyo karibu na mwaka huo.

Fanya zoezi la kwanza na yahoo.com, nakala za mwishoni mwa 1996. Jerry Yang na David Filo waliianza mwaka 1994 wakiwa wanafunzi wa Stanford, ikiwa ni orodha ya tovuti walizoziona wao wenyewe, na ilipokua waliajiriwa watu wa kuzipitia na kuzipanga kwa mafungu. Bofya Regional, kisha Countries, kisha Kenya au Tanzania. Ukigonga ukuta jaribu nakala za 1997 au 1998. Kutoka hapo fuata kila anwani inayokuvutia, kwa sababu kuzibuni anwani za wakati huo kichwani ni kazi ngumu, na orodha hizi ndizo ramani bora iliyobaki.

Kwa wapenzi wa Kiswahili, tafuta yale.edu/swahili. Huko ndiko lilikokuwa kamusi la mtandaoni lililoanzishwa mwaka 1994 katika Chuo Kikuu cha Yale chini ya Martin Benjamin, likijengwa kwa michango ya watumiaji wa intaneti. Mapema hivyo Kiswahili kilikuwa na kamusi la bure lililo wazi kwa yeyote, na ningependa kila mwanafunzi wa isimu alitazame walau mara moja.

GeoCities nayo usiipite. Hapo watu wa kawaida walipewa kiwanja bure katika mitaa yenye majina: Hollywood kwa wapenzi wa filamu, Area51 kwa hadithi za anga na mambo ya ajabu. Yahoo waliinunua mwaka 1999 na kuifunga Oktoba 2009, ila watu wa kujitolea waliwahi kunakili sehemu kubwa kabla haijafungwa. Kuingia kirahisi, nenda gifcities.org, andika neno la Kiingereza kama cat au football, na vipicha vinavyochezacheza vitajaa kwenye kioo. Ukigusa kimoja unapelekwa kwenye ukurasa wa mtu aliyekiweka. Hapo bando linakwenda haraka, kwa hiyo tumia Wi-Fi ukiweza.

Tahadhari ni chache. Usipakue programu yoyote ya zamani kwenye simu unayotumia kwa pesa. Ushauri wa dawa, sheria au viza wa mwaka 1999 usome kama historia tu.

Lililo muhimu kwangu kuliko yote ni kurasa zetu wenyewe. Anwani isiyolipiwa hufungwa. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 nchini Tanzania ziliwataka wenye blogu walipie leseni, na baadhi wakaacha kuandika. Mashairi, picha za harusi za mitaani, mabishano ya soka, mapishi, taazia za wazee wa mji: vingi vya miaka ya 2000 vilikaa kwenye blogu ambazo hakuna anayezitunza sasa. Ukikuta ukurasa wa Kiswahili unaoupenda, nenda web.archive.org/save, bandika anwani, bonyeza kitufe, subiri. Utapewa anwani mpya yenye tarehe na saa. Hiyo ndiyo uitume kwenye kundi lenu, pamoja na sentensi moja inayosema kuna nini ndani na kwa nini umeipenda, maana kiungo kisicho na maelezo watu hawakifungui. Yaliyofungiwa nyuma ya nywila hayanakiliki kwa njia hii.

Weka na nakala yako mwenyewe. Oktoba 2024 Internet Archive ilishambuliwa na wadukuzi ikazimika kwa siku kadhaa, na aliyekuwa ametegemea huko tu alibaki kusubiri. Kwenye kivinjari cha simu, fungua menyu, chagua kuchapisha, halafu hifadhi kama PDF. Lipe faili jina la tovuti, la mwandishi kama lipo, na tarehe uliyolihifadhi, kisha litume kwenye barua pepe yako ili lisipotee pamoja na simu.