Saa ya Mwili na Msongo wa Mawazo: Mlaji Afahamu Nini?

Wapo watu wanaoamka alfajiri wakiwa wachangamfu, na wapo ambao akili zao hufunguka jua likishatua. Tofauti hiyo si bidii wala uvivu. Kwa sehemu hurithiwa, tena hubadilika kwa umri: vijana wanaobalehe huelekea usiku, wazee huelekea asubuhi.

Saa ya mwili ndiyo inayoongoza kotisoli, homoni inayouandaa mwili kukabili msongo. Kwa kawaida homoni hiyo hupanda katika dakika 30 hadi 45 za kwanza baada ya kuamka, kisha hushuka polepole hadi usiku. Mtu wa usiku anayelazimika kuamka saa kumi alfajiri kila siku ili awahi kazini hukatiza usingizi wake, na upungufu huo hulimbikizana. Aliyepungukiwa na usingizi hukasirika upesi, na jambo dogo humwelemea. Vivyo hivyo, mtu wa asubuhi akifika saa tano usiku, umakini wake huwa umelegea.

Jambo hili linamhusu mlaji, kwa kuwa mkopo wa simu hupatikana saa zote, na kidole kilichochoka hubonyeza "Nakubali" kabla jicho halijasoma riba. Kwa hiyo tunashauri yafuatayo:

1. Jitambue. Siku za mapumziko, chunguza unalala na kuamka saa ngapi bila kengele.

2. Usitie saini mkataba wala kukubali mkopo katika saa zako za uchovu. Muuzaji akikuharakisha, omba nakala ukaisome ukiwa umepumzika.

3. Angalia unachokunywa. Baada ya takriban saa 5, nusu ya kafeini huwa ingali mwilini. Kahawa ya jioni, au kinywaji cha kuongeza nguvu, huweza kukunyima usingizi.

4. Pata mwanga wa jua mara uamkapo, na uweke simu kando kabla ya kulala.

5. Jihadhari na virutubisho vinavyonadiwa kuwa huondoa msongo papo hapo. Soma lebo, kagua tarehe ya mwisho wa matumizi, na umwulize mfamasia kabla ya kulipa.

Msongo au kukosa usingizi kukidumu kwa wiki kadhaa, fika kituo cha afya. Saa ya mwili hatukuichagua; saa ya kufanya uamuzi, mara nyingi, tunaweza kuichagua.