Somo: Kununua Spea za Kompyuta Zilizotumika Bila Kupoteza Pesa

Juni ikikaribia, saiba za Malaba na Busia hujaa. Watu wanajaza ritani za KRA kabla ya tarehe 30, madereva wa malori wanachapisha karatasi zao, na wazazi wanatafuta stakabadhi za watoto kwenye eCitizen. Mashine ikikwama hapo, mteja hangoji. Anavuka barabara na kuingia saiba ya jirani.

Huo ndio wakati wengi huanza kutafuta RAM na SSD za bei nafuu. Si vibaya. Spea iliyotumika inaweza kuipa kompyuta yako miaka kadhaa zaidi. Shida ni jinsi tunavyolipa. Leo tuzungumzie pande zote mbili, spea na malipo, kwa sababu ukikosea upande mmoja, ule mwingine haukuokoi.

Kisa kinachofanana na vingi tunavyopokea

Mama mmoja ana saiba yenye kompyuta tatu za Dell OptiPlex 7010, zile za ex-UK. Zimekuwa nzito. Anaona tangazo la RAM kwenye kundi la WhatsApp, bei ni poa, muuzaji yuko mji mwingine. Anaandikiwa: "Madam, tuma sasa nikuwekee, kuna mtu mwingine anaingoja." Anatuma 6,400 kwa nambari ya mtu binafsi. Kesho yake pasel inafika na matatu. RAM haiingii kwenye sloti. Ni fupi, ni ya laptopu, na tena ni ya DDR4. Mashine zake zinataka DDR3 ndefu. Muuzaji anajibu mara moja tu: "Hatukubali kurudishiwa." Halafu simu haipatikani.

Mama anatupigia: "Nirudishieni pesa yangu."

Hapa inabidi tuseme ukweli ambao hakuna mteja anayependa kuusikia. Huduma ya kurudisha muamala iliwekwa kwa ajili ya makosa ya kutuma, kwa mfano umekosea tarakimu moja na pesa imeenda kwa mtu usiyemjua. Haikuwekwa kuvunja biashara. Mama alituma kwa mtu aliyemkusudia, kiasi alichokusudia. Kisha kuna jambo la pili: pesa ya simu hufika kwa sekunde, na hutolewa kwa ajenti kwa dakika. Ikishatolewa, kwenye akaunti hakuna kitu cha kurudisha.

Ndiyo maana somo hili lote linasimama juu ya sentensi moja: PIN yako ndiyo hatua ya mwisho, si ya kwanza. Kabla ya kuibonyeza, fanya yafuatayo.

Hatua ya 1: Jua mashine yako inalilia nini

Watu wengi hununua spea ambayo hawakuihitaji. Washa kompyuta, fungua programu unazotumia kila siku, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Angalia safu mbili.

- Ikiwa "Disk" inakaa 100% muda mrefu na mashine inachelewa kuwaka, diski ya zamani inayozunguka ndiyo inayokuvuta. Unahitaji SSD. Diski ya kawaida ya laptopu husoma takriban MB 100 kwa sekunde. SSD ya SATA hufika karibu MB 550.
- Ikiwa "Memory" inapita 85% ukifungua kurasa chache tu, unahitaji RAM. Ukibonyeza sehemu hiyo utaona pia sloti ngapi zimejaa na ngapi ziko wazi.

Jiulize pia kama mashine yenyewe inastahili pesa hiyo. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa njia ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, kwa upande wa Intel, inataka rasmi prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na TPM 2.0. OptiPlex 7010 hutumia prosesa za kizazi cha 2 na cha 3. Ukitaka kuendelea nayo kwa usalama, fundi anaweza kukuwekea Linux, na kazi za kwenye kivinjari kama iTax na eCitizen zitaendelea. Lakini usimwage elfu kumi kwa mashine ambayo ungeiongezea kidogo tu ukapata mpya zaidi.

Hatua ya 2: Jua ni spea gani inayoingia

Usiseme tu "nataka RAM ya 8GB". Taja vitu vitatu: kizazi, umbo na ukubwa.

- Kizazi. DDR3 haiingii kwenye sloti ya DDR4. Mkato ulio chini ya RAM uko mahali tofauti, na umeme wake pia ni tofauti: DDR3 hutumia volti 1.5 (ile ya DDR3L ni 1.35), DDR4 hutumia 1.2. Ikikataa kuingia, usiisukume.
- Umbo. RAM ya kompyuta ya mezani ni ndefu, ya laptopu ni kama nusu yake.
- Modeli. Majina yanayofanana hudanganya. HP EliteBook 840 G2 inatumia DDR3L, lakini 840 G3 inatumia DDR4. Herufi na nambari moja tu, na pesa imepotea.

Njia rahisi kuliko zote: zima mashine, chomoa waya wa stima, toa RAM iliyomo, piga picha kibandiko chake. Picha hiyo ndiyo unayomwonyesha muuzaji.

Tahadhari kwa wanaotaka kadi ya picha kwa ajili ya gemu au video: mashine nyingi za ofisi, kama OptiPlex na EliteDesk, zina pawa saplai ndogo yenye plagi za kampuni yenyewe. Kadi kubwa haitapata umeme wa kutosha, na kwenye zile kasha nyembamba haitaingia kabisa.

Hatua ya 3: Jaribu mbele ya muuzaji

Spea iliyotumika haijulikani kwa macho. Beba mashine yako dukani. Kama ni ya mezani, beba kasha peke yake, skrini utapewa. Kupanda matatu na kasha hadi Bungoma au Kisumu ni usumbufu, tunajua, lakini nauli ni ndogo kuliko hasara.

- RAM: Iweke, washa, hakikisha ukubwa wote unaonekana. Kisha bonyeza kitufe cha Windows na R, andika *mdsched*, uanzishe kipimo. Kinaweza kuchukua dakika ishirini au zaidi. Kunywa chai. Ikitokea kosa hata moja, iache.
- Diski au SSD: Tumia programu ya bure ya CrystalDiskInfo. Itakuonyesha hali ya afya na saa ambazo diski imewashwa. Mwaka mzima bila kuzimwa ni saa 8,760. Diski yenye saa 40,000 imefanya kazi kama ya miaka minne na nusu usiku na mchana. Ukiona rangi ya manjano au nyekundu, asante na kwaheri.
- Laptopu nzima: Fungua dirisha la amri, andika *powercfg /batteryreport*. Linganisha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa.

Kwa maoni yetu, RAM ndiyo spea salama zaidi kununua ikiwa imetumika, kwa sababu haina kitu kinachozunguka. SSD huchakaa kwa kuandikwa, kwa hiyo tofauti ya bei ikiwa ndogo, chukua mpya yenye waranti. Pawa saplai na betri za zamani tungekushauri uziache kabisa.

Hatua ya 4: Lipa kwa njia inayoacha alama

Umejaribu, umeridhika. Sasa ndipo simu inatoka mfukoni.

1. Lipa kwa Till au Paybill ya duka, si kwa nambari ya mtu. Ukiambiwa "Till haifanyi, tuma kwa huyu mwenzangu", simama.
2. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Halilingani na duka? Ghairi.
3. Omba risiti yenye aina ya spea, nambari ya siriali, tarehe, siku za waranti na kodi ya muamala. Maneno ya mdomo "ukipata shida rudi tu" hayashikiki.
4. Usifute ujumbe wa malipo. Piga picha ya skrini na ya risiti, uziweke pamoja.

Risiti hiyo ina kazi nyingine. Kompyuta na spea huibwa mashuleni na maofisini. Chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kupokea mali ukijua, au ukiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi kunaweza kukupeleka jela hadi miaka 14. Bei ya kushangaza, muuzaji asiye na duka, kibandiko cha siriali kilichobanduliwa: hizo ndizo "sababu ya kuamini".

Je, muuzaji akiwa mbali au ng'ambo?

Kama yuko Nairobi au Eldoret, mwombe video fupi ya spea ikifanya kazi, siriali ikionekana na jina lako likiwa limeandikwa kwenye karatasi kando yake. Kubalianeni ulipie nauli ya pasel kwanza, na bei ya spea ukishaipokea na kuijaribu. Akikataa kila pendekezo, amekujibu.

Kama yuko upande wa Uganda, ongeza mambo mawili. Kwanza, pesa inayovuka mpaka hupitia kampuni mbili, hivyo kosa huchukua muda zaidi kushughulikiwa. Angalia kama nambari inaanza na +256, na usome kiwango cha kubadilisha na ada kabla ya kukubali. Pili, ule utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, wa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni wa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Afrika Mashariki. RAM iliyotoka Asia haimo. Uliza maafisa wa forodha kwenye kituo cha pamoja kabla ya kununua, na usikubali mtu wa boda akupitishie kwa njia ya panya. Mzigo ukishikwa, hasara ni yako.

Mambo yakiharibika

- Umetuma kwa nambari isiyo sahihi: chukua hatua *mara moja*. Kwa M-Pesa, sambaza ujumbe wa muamala kwa 456. Mitandao mingine, piga huduma kwa wateja. Kila dakika ina maana.
- Umetapeliwa: ripoti polisi ukiwa na ujumbe wa malipo na mazungumzo yenu, uchukue nambari ya OB. Kisha tuambie. Hatuwezi kuahidi pesa itarudi, lakini ripoti yako husaidia nambari hiyo ichunguzwe.
- Yeyote akikupigia akisema atakurudishia pesa ukimpa PIN, huyo ni tapeli wa pili. Sisi hatuulizi PIN. Kamwe.

Kabla hujaenda dukani, jijaribu

Mashine yangu inalilia diski au RAM? Picha ya kibandiko ninayo? Nitajaribia wapi? Nitalipa kwa jina la nani?

Ukiwa na majibu ya yote manne, nenda. Ukikosa hata moja, pesa ikae kwenye simu. Muuzaji akikuambia kuna mwingine anaingoja, mwambie ampe huyo mwingine.