Mkivaa Ndala Ili Kufungua Friji

Katika nyumba niliyopanga kwa miaka miwili Dar es Salaam, friji ya ukumbini ilikuwa na sheria yake: haifunguliwi kwa miguu mitupu. Mgeni alielezwa mapema, kama anavyoelezwa choo kilipo. Tulisema friji "inatekenya". Hakuna aliyesema kwamba bodi lake lilikuwa na umeme na kwamba kinachotutenga na mauti ni mpira wa ndala. Jioni moja binti wa chumba cha pili alitoka kuoga, akaenda na miguu yenye maji kuchukua maziwa. Shoti ilimbwaga hadi ukutani. Alipona. Fundi aliyeitwa kesho yake alitutoa nje, akatuonyesha chini ya mita: waya wa ethi ulikuwa umekatwa. Shaba yake ilikwishauzwa kwenye vyuma chakavu, pengine kabla hatujahamia.

Tangu hapo ukaguzi wa umeme siuanzi na testa. Nauanza na swali kwa wakazi: kuna kitu humu mnakigusa kwa tahadhari? Majibu huja haraka. Swichi ya chooni ibonyeze kwa kidole kikavu. Ile soketi usichomeke pasi, inatoa cheche. Mvua ikinyesha breka inajikata, tunasubiri nyumba ikauke. Andika kila jibu na chumba chake. Hizo ndizo hitilafu ambazo watu wamejifunza kuishi nazo, na ndizo ambazo hakuna atakayemtajia fundi asipoulizwa.

Kisha zunguka mwenyewe chumba kwa chumba, ukitumia macho na pua bila kufungua kitu. Soketi iliyogeuka kahawia pembezoni mwa matundu imeshaungua ndani. Ukisikia shombo mahali pasipo na samaki, usimlaumu panya aliyefia darini. Baadhi ya plastiki za soketi na swichi zikipata joto kali hutoa harufu hiyohiyo. Mara nyingi chanzo ni skrubu iliyolegea: umeme unapita kwenye mguso mdogo, panachemka, skrubu inalegea zaidi. Mijini pwani chumvi ya hewani nayo inaila shaba. Pasi ikishatumika nusu saa, izime, chomoa, uguse plastiki ya plagi. Ikiwa vuguvugu, sawa. Ikiwa kidole hakivumilii, soketi hiyo ipumzishwe.

Plagi ya pini tatu huvumilia ampea 13, yaani karibu wati 3,000. Soma vibandiko vya vifaa vinavyotumia ekstensheni moja, ujumlishe. Jagi la kuchemshia maji la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 tayari vimepita kiwango. Hita ya kuchovya kwenye ndoo sina ushauri nayo zaidi ya kuiondoa nyumbani.

Taa nazo zina lugha yake. Zikififia kila friji inapoanza kuunguruma, kuna kiungo kilicholegea au waya mwembamba. Lakini zikiwaka kwa ukali usio wa kawaida, au feni ikaenda mbio kuliko ilivyozoea, usisubiri: zima swichi kuu, uite TANESCO. Huenda waya wa nyutro umekatika au umelegea kwenye laini, na dakika chache zinatosha kuunguza kila kilichochomekwa.

Mita ya LUKU yenyewe inaweza kukusaidia. Chomoa kila kitu, zima taa zote, acha swichi kuu ikiwa imewashwa, kisha itazame taa ndogo inayopepesa umeme unapotumika. Ikiendelea kupepesa, umeme unakwenda mahali: unavuja, au kuna mtu amejiunganishia. Zima swichi kuu. Ikipepesa bado, tatizo liko kati ya mita na swichi hiyo. Lakiri ya mita usiiguse kamwe. Hiyo ni kazi ya TANESCO peke yao.

Nje, tafuta nondo ya ethi iliyochomekwa ardhini na waya wake wa kijani na njano, au wa kijani kitupu kwenye nyumba za zamani. Uwe mzima, ukaze kwenye nondo. Halafu inua macho. Waya wa umeme usilale juu ya bati, kwa sababu upepo huusugua ganda mpaka shaba inakutana na bati na paa lote linakuwa laivu. Kama kamba ya kuanikia nguo ni ya waya na imefungwa kwenye paa hilo, anayeanika nguo mbichi ndiye atakayegundua hitilafu. Weka kamba ya nailoni leo, hata kama paa lako ni zima.

Yapo mambo mawili ambayo macho hayaoni, na hapa wengi tunadanganyika. Breka hulinda waya usiungue. Haikuwekwa kwa ajili ya mwili wako. Taa ya wati 7 kwenye volti 230 hupitisha takriban miliampea 30, na kiasi hicho kikipita kifuani kinaweza kuua. Breka ya ampea 20 haitagundua lolote. Hata ethi peke yake haitoshi. Nondo yenye ukinzani wa omu 50 itapitisha ampea zisizofika 5 friji inapovuja, na breka itabaki imetulia huku bodi likiwa na umeme. Kinachomwokoa mtu ni kifaa ambacho mafundi hukiita RCD, swichi pana yenye kitufe kilichoandikwa T, inayopaswa kukata umeme mara tu miliampea 30 zinapopotea njiani. Kibonyeze kitufe hicho kila baada ya miezi mitatu. Umeme usipokatika, kibadilishwe. Kama hakipo kabisa kwenye boksi lako, hilo ndilo la kwanza kwenye orodha, kabla ya rangi na kabla ya vigae.

Kitufe cha T hakipimi ethi. Kwa hiyo lazima aje fundi mwenye vipimo. Kwa Tanzania Bara, mwulize leseni ya EWURA, usome jina na tarehe yake ya mwisho. Kenya leseni hizo hutolewa na EPRA. Fundi aliyekuja na testa ya kalamu peke yake hajaja kukagua. Testa ikiwaka inakuonya, isipowaka haijathibitisha chochote. Anatakiwa apime ukinzani wa ethi, na ikizidi omu 200 si ya kutegemea, hasa kiangazi udongo unapokauka. Apime uimara wa ganda la nyaya kwa volti 500, vifaa vikiwa vimechomolewa. Isipungue megaomu 1. Apime RCD inakata kwa muda gani. Afungue soketi kadhaa. Apande darini kutazama viungo vilivyosokotwa na kufungwa utepe badala ya kuwekwa kwenye boksi. Akibadilisha waya, kwangua ncha yake: ikionekana nyeupe chini ya rangi ya shaba, ni alumini iliyopakwa, irudishwe dukani.

Usimlipe yote kabla hajakuandikia namba hizo, tarehe, jina lake na namba ya leseni. "Iko poa, mzee" si ripoti.

Kwenye nyumba ya kupanga huwa kuna kusukumiana. Msimamo wangu ni huu: kilichomo ukutani, darini na ardhini ni cha mwenye nyumba; kinachochomekwa ni cha mpangaji. Yaandikwe hayo kwenye mkataba. England, wenye nyumba za kupangisha wamebanwa na sheria tangu 2020 kukagua angalau kila miaka 5. Hapa kwetu, vyumba sita vikichangia LUKU moja, mimi nisingevuka miaka mitatu, na ningekagua kila anapohama mpangaji aliyejiongezea soketi mwenyewe. Mpangaji naye atoe taarifa kwa ujumbe wa simu, si kwa mdomo tu, ili tarehe ibaki.

Biashara hazisubiri hata hiyo miaka mitatu. Saluni yenye madraya mawili ya wati 1,800 inakula zaidi ya ampea 15 kabla ya feni na redio. Kila draya iwe na soketi yake ya ukutani, si ekstensheni juu ya ekstensheni. Mashine ya kuchomelea isitumie nyaya za nyumba ya kuishi. Na mwenye jenereta asithubutu kuichomeka kwenye soketi: umeme unarudi nyuma hadi kwenye nguzo, na anayeweza kufa ni fundi wa TANESCO aliyepanda akijua laini imezimwa. Weka swichi ya kubadilishia chanzo.

Wafundishe wote wa nyumbani swichi kuu iko wapi, isifichwe nyuma ya kabati. Mtu akinaswa, zima hiyo kwanza, usimshike. Moto ukianza, usimwage maji; zima swichi ukiweza, toka, piga 114.

Na kama usiku huu friji yako inatekenya, usimsubiri fundi ikiwa bado imechomekwa. Zima swichi kuu kwanza, ndipo uchomoe plagi. Maziwa yahamie kwa jirani.