Ivalishe Kinga Kwanza

Jumapili asubuhi, kabla ya misa ya kwanza, njia za kuingia Masisi-Centre, hapa Kivu Kaskazini, hujaa watu waliovaa vizuri kuliko siku zote: vikwembe vilivyonyooshwa kwa pasi ya makaa, mashati meupe, viatu vilivyobebwa mkononi mpaka mahali pakavu. Wengi huja kwa miguu. Mwenye franka hupanda pikipiki ya motari. Kinga, yaani baiskeli, hubaki nyumbani ikingoja siku ya soko, ibebeshwe gunia la viazi au bidoni za maji. Tumeifanya punda. Ni ya mzigo, haipandwi na mtu aliyevaa. Mimi sikubaliani na hilo hata kidogo, na maneno haya nawaandikia mwalimu, muuguzi, mwanakwaya na mama wa dukani, watu wanaotaka kufika kazini kwa kinga wakiwa safi kama walivyotoka nyumbani.

Ukitazama picha za Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, utaona wanaume wa suti na wanawake wa gauni refu wakienda zao kwa baiskeli, hakuna aliyevaa nguo za mashindano. Nguo zao ni za kawaida kama zetu. Chunguza baiskeli yenyewe: mnyororo umefunikwa, madigadi yameshuka hadi chini, taa ipo, keria ipo, kiti ni kipana. Baiskeli ndiyo iliyovaa vazi la safari, na mwenyewe amevaa vazi la huko aendako. Mji wao ni tambarare na wa lami, ilhali sisi tuna mpando wa kutoka Sake kwenda Mushaki, na Walikale kuna tope la msituni. Lakini jambo hilo la kuivisha baiskeli linatufaa sisi kuliko wao, kwa sababu njia zetu huchafua zaidi.

Basi anza na kinga yenyewe. Zile nyeusi nzito za chuma, kama Phoenix ya China na Hero ya India, wengi huziona za kizee. Kwangu ndizo bora kwa mtu aliyevaa. Huja na madigadi, keria, stendi na bamba la kufunika mnyororo, na kukaa kwake ni kwa kunyooka mgongo, hivyo shati halikunjamani. Ubaya wake ni uzito na kukosa gia. Anayeishi kwenye vilima vya Masisi atavutiwa na zile za mitumba zenye gia nyingi, na sitamlaumu. Ila asiipande hata siku moja na suruali nzuri kabla fundi hajamfungia madigadi. Gurudumu la nyuma lisilofunikwa huchora mstari wa tope kutoka kiunoni hadi shingoni, na mwenyewe hauoni mpaka afike aambiwe.

Madigadi ya dukani huishia mapema mno. Kata kipande cha tairi kuukuu, upana wa kiganja, ukifunge kwa boliti kwenye ncha ya madigadi ya mbele, kining'inie hadi kibaki kama upana wa vidole vinne juu ya ardhi. Kipande hicho ndicho kitakachookoa viatu vyako. Tope linaloharibu viatu hurushwa na gurudumu la mbele, si la nyuma.

Ujuzi huu wa mipira mikuukuu tuna mwalimu wake hapa hapa. Chukudu, yaani skuta yetu ya mbao ya mizigo, yenye magurudumu ya mti yaliyovishwa ukanda wa tairi, imebeba viazi, maharage na makaa kwenda Goma kwa miaka mingi, na tangu 2009 ina sanamu yake yenye rangi ya dhahabu katikati ya mji huo. Angalia mahali mwenye chukudu anapoegemeza goti: ameweka pedi ya raba ili suruali isichakae na mfupa usiumie. Hakuna aliyemfundisha darasani. Ameiangalia nguo, akauangalia mti, akajua kipi kinapaswa kuvishwa. Nasi tufanye vivyo hivyo kwa mnyororo, kwa spoku na kwa kiti.

Mnyororo ni adui wa mguu wa kulia wa suruali. Kama bamba la kuufunika limepotea, kata pete ya tyubu yenye upana wa vidole viwili, uivute juu ya mguu wa suruali chini ya pindo la goti, au karibu na kifundo ikiwa suruali ni nyembamba. Kabla ya kuivuta, kunja kitambaa cha ziada kuelekea nje ya mguu, mbali na sproketi. Mafuta ya mnyororo yatiwe Jumamosi jioni, tone moja kwa kila kiungo, kisha ufutwe kwa kitambaa mpaka mkono ukigusa usichafuke sana. Wengi husahau kufuta, halafu hulaumu kinga. Mawese usitie. Hushika vumbi na kuwa gundi. Mafuta machafu yaliyomwagwa kutoka injini ya pikipiki nayo yana weusi usiotoka kwenye kitambaa cheupe. Likikupata doa la grisi, usikimbilie maji wala pasi. Sugua sabuni ya mche ikiwa kavu juu ya doa, liache kidogo, ndipo uloweke.

Sasa kikwembe. Nimesikia mara nyingi kwamba mama aliyefunga kikwembe hawezi kupanda kinga kwa heshima. Anaweza, lakini matayarisho yawe mawili: moja la gurudumu, moja la nguo.

La gurudumu ni wavu. Baiskeli za wanawake wa Ulaya mwishoni mwa karne ya 19 zilikuwa nao, kwa sababu nao walivaa magauni marefu. Toboa matundu madogo kwenye kingo zote mbili za madigadi ya nyuma, kila baada ya sentimita mbili hivi, kuanzia karibu na bomba la kiti hadi nyuma ya keria. Kila upande, funga pete ndogo ya waya kwenye miguu ya madigadi, karibu na ekseli. Kisha vuta kamba nyembamba ya nailoni kutoka kila tundu hadi kwenye pete, zitawanyike kama miale ya jua. Zungusha gurudumu kwa mkono usikilize: kamba ikigusa spoku, ikaze au isogeze. Kazi yote ni ya alasiri moja, na ukichagua kamba ya rangi ya kikwembe chako, watu watakuuliza umeinunua wapi.

La nguo: vaa ndani kaptura nyepesi au suruali ya kubana. Funga kikwembe kwa kuacha nafasi ya hatua ndefu, mwisho wake wa wazi uwe upande wa kushoto, mbali na mnyororo. Ukiona kinapepea, chukua kokoto laini, kubwa kama punje ya hindi. Kati ya magoti, shika pindo la mbele na la nyuma pamoja, weka kokoto nyuma ya kitambaa, lifunge kwa mpira mdogo kwa upande wa mbele. Kikwembe hugeuka kaptura pana. Ukifika, vuta mpira, kokoto linaanguka, na kikwembe kinashuka bila mkunjo wa kuonekana. Sketi iliyoshonwa ya kubana hadi chini ya goti haifai. Mwambie fundi cherehani aachie mpasuo nyuma, au aikate yenye marinda. Na kinga yenye bomba la mbele lililoinama ni bora zaidi, maana hulazimiki kuinua mguu mbele za watu. Mwenye bomba la juu ailaze kinga kidogo upande wake, apitishe mguu wa kulia juu ya bomba akiwa amesimama, halafu ndipo aisimamishe.

Kwa fundi cherehani usiondoke bila vipande vilivyobaki. Kipande kimoja ashone kifuniko cha kiti chenye mpira pembeni, na chini yake uweke mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua. Kingine kiwe mfuko wa keria, au kava ya sponji ya kukalia abiria. Kitambaa kile kile kwenye mwili, kwenye kiti na kwenye mfuko: sijui urembo ulio rahisi zaidi ya huo, na haukuongezei gharama ila shukrani kwa fundi.

Kuhusu jasho nitakaa kidogo, kwa kuwa ndilo linalowarudisha wengi kwa motari. Asubuhi za Masisi ni baridi, ukungu umelala kwenye malisho ya ng'ombe, na kila mtu hutoka na koti. Kosa ni kubaki nalo mlimani. Livue kabla ya kupanda, ungali unahisi baridi, ulifunge kwenye keria, kisha ulivae tena kileleni kabla ya kushuka, maana upepo wa mteremko hukausha jasho mwilini na kukutetemesha kwa baridi. Vaa fulana ya pamba chini ya shati, iwe ndiyo inayolowa. Usibebe mfuko mgongoni. Mahali unapogusa mgongo ndipo shati hulowa kwanza. Kila kitu kikae kwenye keria.

Na pale mlima unapokuwa mkali, shuka usukume. Hakuna aibu. Mtu anayesukuma kinga taratibu akiwa amevaa vizuri anaonekana mwenye utulivu. Anayekanyaga kwa kusimama, uso umekunjamana, ndiye anayefika akihema. Ukisukuma, tembea upande wa kushoto wa kinga ili mguu uwe mbali na mnyororo, lakini sikiliza magari, maana sisi hupita kulia na wewe ndiwe uliye upande wa barabara. Ondoka robo saa mapema kuliko unavyodhani. Mita 200 kabla ya kufika, shuka utembee, mwili upoe, ndipo uingie kazini.

Kushuka kuna sheria moja kubwa. Chukudu yenye mzigo inayoteremka ipishe daima. Breki yake ni kipande cha raba kinachosukumwa kwenye gurudumu, na nyuma yake kuna kilo mia kadhaa za viazi. Haiwezi kusimama kwa ajili yako hata mwenyewe akitaka. Za kwako breki zijaribu kabla ya mteremko, wala si katikati yake, na baada ya mvua zibanebane mapema ili maji yafutike kwenye rimu.

Walikale ni habari nyingine. Ndiyo teritware kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini, nayo ni ya msitu wa ikweta, chini ya milima. Masisi tuna miezi ya vumbi, hasa Juni hadi Agosti. Huko mvua inaweza kukukuta mwezi wowote. Huko shida ni tope linalonata kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Kwa hiyo madigadi ya Walikale yasikae karibu na tairi kama yale ya mjini. Acha nafasi ya vidole vitatu, na funga kijiti kigumu kwenye fremu cha kukwangulia. Kile kipande cha tairi cha madigadi ya mbele kifupishe, kisije kikaburuta tope.

Na viatu vya kazini usivivae njiani. Wenye akili wa huko wamefanya hivyo siku zote: buti za mpira au kandambili njiani, viatu vyenyewe kwenye mfuko uliofungwa vizuri, kisha kijito cha mwisho kabla ya kuingia mjini ndipo mahali pa kuoshea miguu. Beba kitaulo. Osha hapo hapo na magurudumu, kwa maana kinga chafu ikiegemea ukuta wa zahanati au shule hukuchafua wakati wa kurudi. Rangi za kitambaa nazo zichague kwa busara: chapa kubwa zenye rangi nyingi hulificha tone la tope, nyeupe tupu hulitangaza. Suruali ya kahawia inakwenda Walikale. Nyeupe ingoje kanisani.

Kuna rangi moja ya kuepuka kabisa. Usivae nguo yenye madoadoa ya kijeshi, hata kama ni kofia ya mtumba iliyouzwa kwa bei nzuri. Katika miaka hii ya vita, ambapo barabara hufungwa na kufunguliwa kwa siku moja na watu wa vijiji vizima wamelazimika kukimbia, vazi kama hilo linaweza kukuponza kwenye kizuizi cha barabarani. Kabla ya kutoka, waulize wanaotoka upande ule unaoelekea: mama wa sokoni, motari, mwenye chukudu. Weka kitambulisho mfuko wa shati, pa kufikiwa kwa urahisi bila kupekua kitu. Na urudi kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwa kuwa giza letu huingia haraka. Kitambaa cheupe kilichofungwa nyuma ya keria husaidia ukichelewa, lakini taa ndiyo ya kutegemea.

Ukimbeba mtu, miguu yake yote ielekee kulia, upande wa ukingo wa njia, na visigino vikae mbele ya wavu, visiingie kwenye spoku. Kikwembe chake akikunje mapajani, akikalie. Mama mwenye mtoto mgongoni ateremke kwa miguu penye mteremko, kila mara.

Ukishafika, egemeza kinga upande wa kushoto, ili mnyororo uwe nje na usiguse ukuta uliopakwa chokaa. Vua pete ya tyubu uivalishe usukani, ndipo utaikuta jioni. Funika kiti. Shusha kikwembe, vaa viatu, futa mikono kwa kitaulo, kisha ingia usalimie wakubwa kwa mkono usio na grisi.