Kubadili Kiungo cha Shafti katika Land Rover ya Zamani

Katika njia za Mang'ula na Ifakara, gari lililowafunza mafundi wengi kazi ni Land Rover ya zamani, ya aina zile zilizoundwa kati ya mwaka 1948 na 1985. Mwanafunzi wa fizikia naye ana la kujifunza chini ya gari hilo.

Giaboksi imefungwa kwenye chesisi, lakini ekseli hupanda na kushuka pamoja na springi. Kwa sababu hiyo shafti ya propela haiwezi kuwa chuma kimoja kigumu. Kila mwisho wake una kiungo, yaani panda mbili zilizokutanishwa na msalaba wa feleji ambao mafundi huuita krosi. Kila ncha ya krosi imevikwa kikombe chenye bering nyembamba kama sindano. Robert Hooke, mwanasayansi wa Uingereza, alikieleza kiungo cha namna hii katika karne ya 17.

Sindano hizo hazizunguki mzunguko kamili. Huenda mbele na nyuma kwa nyuzi chache tu. Grisi husukumwa kando, na sindano huchimba mifuo katika krosi. Maji ya masika yakifika kwenye ekseli, au vumbi la kiangazi likipenya mpira uliochakaa, uharibifu huenda haraka zaidi. Dalili zake ni kishindo dereva aachiapo klachi, na unga mwekundu wa kutu kandokando ya vikombe.

Kabla ya kushika spana, jambo moja lizingatiwe sana. Katika magari haya breki ya mkono haishiki magurudumu. Hushika shafti ya nyuma, mahali inapotokea giaboksi. Shafti ikifunguliwa, gari halina breki ya mkono kabisa. Hata shafti ikiwa mahali pake, gurudumu moja la nyuma likiinuliwa kwa jeki, difu huliruhusu lizunguke kinyume na mwenziwe, na gari laweza kusogea ingawa breki imevutwa. Magurudumu yazuiwe kwa magogo, mbele na nyuma, pasipo kumwamini mtu asemaye kwamba pale ni tambarare.

Fundi apige alama kwa tupa katika panda zote na katika sehemu mbili za shafti zinazoteleza kwa meno, ndipo afungue nati. Klipu zitolewe, vikombe visukumwe kwa jiliwa. Vikombe vipya vijazwe grisi ili sindano zishikwe mahali pake. Kikombe kikikataa kuingia hadi klipu ikae, asitumie nyundo: huenda sindano moja imeanguka na kulala chini ya kikombe.

Sasa tuzitazame zile alama za tupa. Kiungo kilichopinda hakipeleki mwendo sawasawa. Shafti ikizunguka mara 2,400 kwa dakika na kupinda nyuzi 10, upande wa pili huenda kasi ya 2,437, kisha hupungua hadi 2,364, na hufanya hivyo mara mbili katika kila mzunguko. Kiungo cha pili hufuta kosa la cha kwanza, ikiwa pembe zote mbili ni sawa na panda mbili za shafti yenyewe zimelala katika bapa moja. Zikikosana kwa nyuzi 90, makosa hayafutani bali huzidishana: kasi huyumba kati ya 2,328 na 2,475. Gari hutetemeka, na krosi mpya huchakaa upesi ingawa fundi aliibadili kwa uangalifu wote.

Ujenzi wa reli ya TAZARA, uliofanywa kati ya 1970 na 1975, ulileta karakana Mang'ula, na penye mashine ya kukereza mtu hushawishika kuchonga krosi yake. Kwa maoni yangu huo si uchumi. Krosi huhitaji uso uliokazwa kwa moto na kusagwa kwa kipimo kamili. Chuma laini kitachimbwa na sindano kabla ya masika mengine.

Zoezi: Kasi ya juu hupatikana kwa kuigawa kasi ya mwanzo kwa kosaini ya pembe ya mpindo, na ya chini kwa kuzidisha. Tafuta kasi zote mbili kwa nyuzi 20, kisha eleza kwa nini gari lililoinuliwa springi zake lahitaji uangalizi zaidi.